Naomba ushauri: vifuko laini sokoni na utenganishaji wa taka majumbani

Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa hapa Morogoro, na naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Tangu Tanzania Bara ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, mitaro yetu imepata nafuu ya kweli, nami nisingependa mafanikio hayo yapotee. Hata hivyo, kanuni ziliruhusu vifungashio vya plastiki kwa bidhaa za viwandani, kilimo na tiba, na sasa vile vifuko laini vinavyoonyesha vilivyomo, ambavyo kisheria si vibebeo, vinatumika kubebea nyanya, dagaa na hata maharage yaliyopikwa. Muuza samaki anaponiuliza afungie nini bidhaa yenye majimaji, ilhali mfuko mbadala unamlia faida yote, sina jibu la kumridhisha, na kumtishia faini pekee naona si haki.

Upande wa majumbani, maganda na mabaki ya chakula yangeweza kuwa mboji, lakini kaya zilizokubali kutenganisha zinakata tamaa kwa sababu gari la taka huchanganya kila kitu.

Je, waliofanikiwa walimbanaje mzabuni wa taka katika mkataba wake? Ni kifungashio gani cha bei nafuu kinachofaa bidhaa mbichi? Na ndugu wa Kenya, ambako sheria ya mwaka 2022 inadai taka zitenganishwe, utekelezaji wake ukoje katika mitaa yenu?