Naomba ushauri: Rousseau na kulazimishwa kuwa huru

Habari zenu wakuu, kuna kitu cha mwanafalsafa Rousseau kimenikwamisha kwenye esei, naombeni msaada.

Kwenye kitabu chake Mkataba wa Jamii (1762) anasema nikijiunga na wenzangu kutunga sheria nabaki huru kama mwanzo, coz natii sheria niliyojiwekea mwenyewe. Hapo sina neno. Shida ni anaposema atakayekataa kutii utashi wa jumla (yaani kile jamii nzima inachokitaka kwa manufaa ya wote) atalazimishwa na wote, na eti huko ni kulazimishwa kuwa huru tu 😅 halafu kwenye sehemu ya nne ya kitabu hicho anaongeza kwamba nikishindwa kwenye kura basi nilikosea kuujua utashi wa jumla, sasa jamani hapo uhuru wangu uko wapi?

Nimemsoma mwanafalsafa Isaiah Berlin, ule mhadhara wake wa 1958 kuhusu uhuru, yeye anaogopa mtawala ataniambia "najua unachokitaka kweli kuliko wewe". Naona ana pointi ila kamkaba Rousseau kupita kiasi, maana Rousseau anataka sheria itoke kwa wote na iwaguse wote, pia anatofautisha utashi wa jumla na jumla ya matakwa binafsi ya kila mtu.

Sasa maswali:

Hilo sharti la sheria kuwagusa wote linatosha kweli kuwalinda walio wachache, mfano sheria ya dini ambayo kimaandishi ni ya wote ila inalolibana ni kundi moja tu?

Na kama Rousseau mwenyewe anakiri watu wanaweza kudanganywa, nani sasa wa kusema kura imekosea?