Tupeane uzoefu: uliweka oili gani ya sintetiki kwenye difu na gia boksi, na ikawaje?

Wakuu, naanza mimi ili msione aibu. Gari langu ni la gia za mkono, difu nyuma. Nilinunua dumu la sintetiki 75W-90, nikajaza difu, iliyobaki nikamimina gia boksi. Si zote ni gia? Siku ya tatu asubuhi naingiza namba mbili: krrr. Nakanyaga klachi upya: krrr.

Fundi alichovya kidole kwenye oili, akanusa, akaniuliza, "Umeweka GL-5 humu?" Nikageuza dumu. Kumbe GL-5 ni daraja la oili ya gia, na imeandikwa nyuma, herufi ndogo kama za dawa ya kikohozi. Mimi nilisoma "sintetiki" nikaishia hapo.

Alivyonieleza: meno ya difu husuguana kwa kutelezeana chini ya mzigo mkubwa, kwa hiyo GL-5 inapewa dawa za salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Ringi za sinkro, zilizomo ndani ya gia boksi, nazo zinataka msuguano kidogo ili zisawazishe mwendo kabla gia haijaingia. Oili ikiteleza mno, haziwahi kushika. Na baadhi ya dawa hizo hula shaba ya ringi zenyewe. Tulimwaga, tukaweka 75W-90 ya GL-4, sintetiki vilevile. Krrr ikapungua, baada ya wiki ikaisha. Difu lenyewe na GL-5 yake halijawahi kulalamika. Haya, nanyi leteni.

Mzee wa Mizigo
Mimi navuta tela. Oili ya kawaida kwenye difu ilikuwa inatoka nyeusi, inanuka kuungua, kabla hata ya muda wake. Sintetiki inatoka bado ina rangi, na ile sumaku ya nati ya kumwagia oili, inayonasa chuma kinachosagika, ina uji mwembamba wa kijivu tu, hakuna vipande. Ila tusidanganyane na namba: hiyo 75W ni ya baridi, inapimwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Kama unaishi kwenye joto haikuhusu sana. Kwenye joto angalia namba ya mwisho, na sintetiki inakusaidia kwa sababu inachelewa kuharibika ikichemka.

Kanyaga Twende
Mnahangaika bure. Gia boksi yangu naweka oili ya injini miaka yote.

Mzee wa Mizigo
Mkuu, huenda kitabu cha gari lako ndicho kinavyosema. Zipo gia boksi za mkono zinazotaka oili ya injini, na zipo zinazotaka ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki. Halafu usiogope hiyo 90, vipimo vya gia na vya injini ni tofauti. 75W-90 uzito wake unakaribiana na 10W-40 ya injini.

Kona Kali
Langu lina difu la LSD, lile lenye visahani vya klachi ndani. Baada ya kubadilisha oili, kila nikikata kona ya taratibu nyuma inapiga gu-gu-gu, usukani unatetemeka. Fundi akataka kushusha difu zima. Nikamwomba siku moja. Kumbe oili niliyoweka haikuwa na kile kiambata cha kulainisha msuguano wa visahani. Nikaongeza kichupa chake, nikaenda kwenye uwanja mtupu kuzunguka namba nane, kulia, kushoto, kama mara 10. Kimya. Wenye LSD hakikisheni dumu limeandikwa hivyo.

Mgeni wa Spana
Yangu ni ya kijinga. Nilifungua nati ya chini, oili yote ikamwagika vizuri. Kwenda kufungua ya juu ya kujazia, imeganda kutu, imekataa katakata. Gari likalala juu ya mawe, difu tupu, siku mbili. Anzeni na nati ya juu, jamani.

Tone kwa Tone
Mimi nina swali. Tangu niweke sintetiki, sili ya nyuma inavuja. Naambiwa sintetiki inakula sili, nirudi kwenye ya kawaida.

Mzee wa Mizigo
Sili iliyochoka inaweza kuwa ilikuwa inazibwa na utope wa oili ya zamani. Lakini kabla ya kuhukumu: ulijaza mpaka wapi? Mwisho ni kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, si zaidi. Na kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli umekiangalia? Kikiziba, difu likipata joto hewa inatanuka na kusukuma oili itokee kwenye sili.

Tone kwa Tone
Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Nyigu kajenga kiota cha udongo juu ya hicho kitundu. Nimekibomoa kwa waya, kikatoa pumzi pssss. Kesho naifuta sili, naendesha, narudi na majibu.