Mazoezi bila kupunguza kula ni kujichosha bure? Tujadili

Mshua wa Segerea
Wakuu, heshima yenu. Nina kilo 98, urefu mita 1.72. Tangu mwezi wa tatu naamka saa kumi na moja alfajiri, natembea dakika 50, siku tano kwa wiki, miezi mitatu sasa. Mbwa wa mtaani wameshanizoea, hawanibwekei tena. Juzi nikapanda mizani: 97. Na hiyo moja nahisi ni kwa sababu nilivua viatu.

Sasa nina jirani, mtu wa kukaa kibarazani na simu tu, yeye ameacha kula usiku na suruali zinamporomoka. Ananiambia uzito unapungulia jikoni, barabarani unatafuta pumzi. Mimi nakataa. Mababu zetu walipiga ugali wa maana, nani alikuwa na kitambi? Walilima. Kwa hiyo hoja yangu: mtu akifanya zoezi la kutosha, ale anachotaka. Na mimi mwenyewe sili hovyo. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, jioni ugali. Labda hapo jioni, maana mama watoto akipakua anajaza, na mimi nimelelewa kutobakiza.

Karibuni kwa hoja, matusi hapana.

Nesi wa Zamu
Mkuu, hesabu ndogo. Chukua 98, gawa kwa 1.72, gawa tena kwa 1.72, unapata 33. Ikishavuka 30 sisi tunaandika unene uliopitiliza, hatuandiki "maisha yamemkubali".

Kutembea kwa haraka dakika 50 kwa mwili wako ni kama kalori 300. Chapati zako mbili, kama ni zile za kukunja zinazoacha mafuta kwenye gazeti, ni 500 kabla sukari haijaingia kwenye chai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kama 120, na hakuna anayevihesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700. Wewe kwa wiki unaunguza 1,500, yaani kilo moja ni wiki tano. Kwa miezi mitatu ulitakiwa kupungua kilo mbili na ushee. Umepungua moja. Nyingine umeila.

Ila usiache kutembea. WHO wanataka walau dakika 150 kwa wiki, wewe una 250. Kwa presha na sukari unajisaidia sana, hata kama mizani imenuna.

Mama Wawili
> mama watoto akipakua anajaza

Nilijua tu lazima tufike hapa. Tangu enzi za Hawa, kosa la chakula ni la mwanamke. Kaka, mkeo anakushika kidevu wakati wa kukulisha? Mwiko uko jikoni, sahani ziko kabatini, mlango wa jikoni haudai kiingilio. Ingia upakue unachotaka.

Ngosha wa Shy
Dada punguza jazba. Kwetu mwanaume akionekana ameshika mwiko ujue kuna msiba au ameachwa.

Mama Wawili
Basi endeleeni kukaa mezani mkisubiri sahani kama abiria wanaosubiri mwendokasi, kisha mkinenepa mje kulalamika huku.

Mkazi wa Ilala
Nyie watu mlikuwa na Profesa Janabi, daktari wa moyo, miaka yote anawaimbia mpunguze kula. Mkamfanya vichekesho, kila mtu akiona chipsi anasema "Janabi asijue". Sasa yuko Brazzaville anaongoza WHO Afrika, ndiyo mnaulizana kitambi kinaondokaje.

Chipsi Kavu
Tuache mwiko kidogo, hoja ya mababu haijajibiwa. Kuna Mmarekani anaitwa Herman Pontzer, yeye na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi. Wakawanywesha maji maalumu ya kupimia nguvu ambayo mwili unatumia, matokeo yakachapishwa 2012. Walidhani watakuta Mhadzabe anaunguza kuliko mtu wa ofisini, maana yeye kutwa yuko porini kwa miguu. Wakakuta ukishalinganisha ukubwa wa miili, wanaunguza sawasawa na Mmarekani wa kwenye kiti. Sawa! Maelezo yake ni kwamba mwili ukitumia sana huku unabana matumizi kule. Na kumbuka Wahadzabe wanakula asali ya kutosha.

Sasa Mshua, kama Mhadzabe na miguu yake yote hamshindi mtu wa ofisini, hizo dakika 50 zako na mbwa wa Segerea zitafanya nini peke yake? Babu yako hakuwa na kitambi kwa sababu mafuta ya kupikia aliyaona sikukuu. Jembe lilimpa kifua.

Ngosha wa Shy
Swali: Wahadzabe nani anawapakulia?

Chipsi Kavu
Nimeandika aya mbili mkuu.

Ngosha wa Shy
Nimezisoma. Ndiyo nauliza, nani anawapakulia?

Mama Wawili
😂😂 Hata porini wanaume wanajichumia asali wenyewe. Jifunzeni.

Binti Pangani
Huyo jirani aliyeacha kula usiku asiwavimbishe vichwa. Njooni Pwani mwezi wa Ramadhani. Mchana kutwa mdomo mkavu, na bado kuna watu Idi inawakuta nguo ya mwaka jana haipiti mabegani. Kwa nini? Adhana ya magharibi ikishalia ni tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, viazi vya nazi, tambi za sukari, kaimati mpaka vidole vinanata. Ukitoka tarawehe wali unakusubiri. Daku hiyo hapo. Milo imepungua, tumbo limepokea vile vile na zaidi.

Halafu mimi hata sielewi mnagombea mwiko wa nini. Kwetu sinia moja katikati, kila mtu anakula upande wake, mkono ukivuka kwa mwenzio umekosa adabu. Hakuna wa kumjazia mtu. Hayo ya kupakuliana ni ya watu wa bara.

Ngosha wa Shy
"Watu wa bara." Sawa. Sinia ndiyo hatari zaidi, dada yangu. Kwenye sahani yangu naona nimekula nini. Kwenye sinia mtu anakula kwa kasi ya mwenzake, asije akaachwa na mifupa. Nimekula hayo masinia Tanga kwenye harusi, najua ninachosema. Mjomba aliyekuwa upande wangu alikuwa na mkono kama kijiko cha katapila.

Binti Pangani
Ulialikwa ukala, ukashiba, leo unamsema mjomba wa watu. Adabu ya bara hiyo.

Ngosha wa Shy
Nilishiba wapi na mjomba yule?

Tiba Asilia Halisi
Ndugu zangu msihangaike. Nina chai ya kusafisha tumbo, kitambi kinaisha siku 7 bila kubadili chakula wala kukimbia. Waliotumia wana ushuhuda. Njoo inbox.

Nesi wa Zamu
Nyingi ya chai hizo ndani yake ni sanamaki. Mtu anaharisha siku saba, anapanda mizani, anakuta kilo mbili hazipo, anatoa ushuhuda. Zilizotoka ni maji na choo. Wiki inayofuata zimerudi, na yeye amerudi kununua. Mafuta ya tumboni hayatokei njia hiyo, jamani.

Tiba Asilia Halisi
Dada unawapiga vita wazawa. Dawa za Wazungu zikileta madhara mbona hamsemi.

Nesi wa Zamu
Sijataja Wazungu. Nimetaja choo.

Kilo Kumi na Nne
Naomba niseme la kwangu, huwa nasoma tu humu. Mwaka jana nilitoka kilo 91 mpaka 77. Ilichukua miezi minane na sikufanya la ajabu. Soda niliacha, maana chupa moja ya 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai na mimi nilikuwa wa mbili kwa siku. Chapati zikawa za Jumapili. Jioni bonge la ugali lisizidi ngumi yangu, nusu ya sahani mchicha au matembele, samaki au dagaa. Na nilikuwa nashuka vituo viwili kabla ya kwangu, namalizia kwa miguu. Basi. Wiki nyingine mizani haikusogea kabisa.

Njaa wala haikunisumbua sana, wiki mbili tatu tumbo linazoea. Watu ndio walionisumbua. Ofisini wa kwanza kuniona nimepungua hakuuliza nimefanyaje. Alifunga mlango, akashusha sauti, akaniuliza kama "nimeshapima". Wa pili akaniombea. Mama akatoka Njombe bila taarifa, na ndoo ya maparachichi. Alipofika akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, hakusema kitu. Usiku nikamsikia jikoni anamwambia mke wangu: "Mwanangu alipokuwa kwangu hakuwa hivi." Mke wangu hakujibu. Nilisikia tu anaosha upya vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Kwa hiyo Mshua, kula au mazoezi, vyovyote utakavyoamua, kwanza mpigie mama yako simu umwandae.

Mama Wawili
Huyu ndugu kamaliza kila kitu na sijui kama mmemsoma.

Mume wangu akinenepa, mawifi wanasema "wifi unamtunza kaka yetu". Akikonda, hakuna atakayemuuliza yeye amekula nini mchana huko kazini. Nitaulizwa mimi. Kitambi chake ni cheti changu cha ndoa, kinabandikwa ukutani kila mtu akisome. Halafu mnataka nimpakulie ugali wa ngumi moja, mama mkwe akitokea nijifiche wapi? Mshua, mkeo anajaza sahani kwa sababu anakaguliwa kwa hiyo sahani. Kaa naye uongee, usimlete huku kama sababu namba tatu baada ya wali maharage.

Ngosha wa Shy
Kwa hiyo mmekiri mnatunenepesha kwa makusudi.

Mama Wawili
Mungu nipe subira.

Mkazi wa Ilala
Mimi nitoe angalizo. Kitambi zamani kilikuwa heshima. Ukienda kudai deni na tumbo limetangulia, unalipwa. Siku hizi kila mtu anataka kuwa mwembamba kama mlingoti, halafu mnashangaa vijana hawaheshimiki.

Chipsi Kavu
Hii sasa ni hoja gani?

Mkazi wa Ilala
Ni hoja ya deni. Kuna mtu humu ananidai na yeye ni mwembamba, simlipi ng'o.

Mshua wa Segerea
Natoka kazini nakuta kurasa tatu za mke wangu. Sijamlaumu mtu, niliandika "labda". Mama Wawili umenifungulia kesi bila RB. Na sikuwahi kusema ni sababu namba tatu, umepanga wewe hizo namba.

Ila lile la kukaguliwa kwa sahani limenikaa, sikuwa nimelifikiria. Shemeji zangu wakija kweli wanaangalia tumbo kwanza ndipo salamu.

Sasa sikilizeni. Jana jioni nilibeba sahani yangu kama nilivyopakuliwa, nikaifunika na kawa, nikaenda nayo kwa Mangi hapo kona. Nikamwomba anipimie kwenye mzani wa sukari. Alinitazama kama mtu aliyerogwa, lakini akatandika karatasi, akaweka bonge lenyewe. Gramu 820. Ugali peke yake, mboga bado. Kuna mtoto alikuwa amekuja kununua kiberiti, akauliza, "Mangi, siku hizi mnauza ugali?"

Nesi wa Zamu
Mkuu, hizo ni kalori elfu moja hivi, na zaidi kama umesongwa mgumu. Ni kama saa tatu za kutembea kwako. Kwa bonge la jioni moja tu.

Mshua wa Segerea
Nimeona. Sasa leo nikaingia jikoni, nikasema leo napakua mwenyewe. Mama watoto akaacha kukata bamia, akaniangalia na kisu mkononi, akauliza, "Tumegombana?"

Ngosha wa Shy
SI NILISEMA?

Binti Pangani
Ulimjibuje?

Mshua wa Segerea
Nikamwambia ni mizani tu, hatujagombana. Akanipa mwiko. Nikajikatia kipande cha ngumi moja, mboga nikajaza. Nikageuka kunawa mikono. Kurudi, kuna bonge la pili juu.

Mama Wawili
Ulikaa naye ukaongea kwanza, au uliingia tu na mwiko?

Mshua wa Segerea
Nitaongea naye Jumapili.

Ngosha wa Shy
Hilo bonge la pili lilienda wapi?

Mshua wa Segerea
Nimeshasema nimelelewa kutobakiza.

Mkazi wa Ilala
Samahani, ugali wenyewe ni dona au sembe? Maana hapo ndipo tulipotakiwa kuanzia.

Ngosha wa Shy
Sembe ni unga wa wagonjwa. Dona ndio chakula.

Binti Pangani
Wote hamjala wali wa nazi, ndiyo maana mna hasira.