Mrejesho: kaka na dada yangu wasiosemeshana

Habari zenu wapendwa. Niliwaomba ushauri kuhusu kaka yangu na dada yetu mdogo, walionuniana tangu wagombane juu ya kumtunza mama, kila mmoja akinituma mimi kwa mwenzake. Wengi mlinielekeza Mathayo 18:15: mwenye neno na ndugu yake amwendee, wazungumze wawili peke yao.

Basi niliacha kubeba maneno. Kaka alipopiga simu na kuanza "mwambie huyo dada yako...", nilimjibu, "Kaka, namba yake si unayo?" Akakata. Dada naye akasema nimeegemea upande. Sifichi, ilikuwa ngumu. Ukipatanisha unalaumiwa na wote wawili.

Kilichosaidia hasa ni ushauri wa yule aliyesema nisianze na nani mwenye haki. Nilimwomba kila mmoja ataje jambo moja tu analotaka kwa ajili ya mama. Kaka alitaka ajulishwe kabla ya uamuzi wowote wa matibabu. Dada alitaka mtu wa kupokezana naye zamu. Hakuna aliyedai kuombwa radhi! Nilishangaa.

Sasa wanaandikiana kuhusu dawa na zamu, basi. Salamu bado ni za shingo upande. Lakini Warumi 12:18, inayotuambia tukae kwa amani na watu wote, nayo imeweka "kama yamkini".

Aliyeshauri niwafungie chumbani waombe hadi wapatane: asante, ila kaka namjua. Jumamosi ni zamu yake ya kwanza kulala kwa mama. Ufunguo atakabidhiwa na dada mwenyewe, mimi sitakuwepo.