45 ya ASL ama LP ya Ufaransa, nyinyi mnaskia tofauti?

SebeneEastlands: Wasee wa santuri, nisaidieni. Niko na wimbo mmoja wa Franco mara mbili, kuna 45, ile santuri ndogo, ya kampuni ya ASL ilitolewa hapa Kenya, na kuna LP, santuri kubwa ya nyimbo mob, ya mkusanyiko kutoka Ufaransa. LP ni safi kabisa, lakini nikiweka 45 gitaa linakuja hadi hapa mbele na besi inagonga kifua, nikirudi kwa LP naona bendi imepoa. Shida 45 ina mikwaruzo, inakaanga mandazi mwanzo mpaka mwisho. Ni masikio yangu ama?

fundi_sindano: Masikio yako sawa. 45 inazunguka haraka, mara 45 kwa dakika, kwa hivyo sekunde moja ya muziki inapewa mfereji (ule mstari sindano hufuata) mrefu kuliko kwa LP ya mizunguko 33, ndio maana sauti za juu zinatoka wazi. LP nayo wakiijaza nyimbo mob mifereji inabanana na inabidi wachonge muziki kwa volyum ndogo. Huo wimbo ni wa ngapi kwa hiyo side?

SebeneEastlands: Wa mwisho

fundi_sindano: Basi umejijibu. Karibu na lebo ya katikati duara ni dogo, sindano inapita mfereji polepole, hapo ndio sauti huchafuka. Na kabla uhukumu, ongeza volyum ya LP hadi zilingane, sikio hudanganywa na kelele.

mzee_kaloleni: Hizo 45 zilikuwa za baa na jukeboksi vijana, lazima zipige kelele. Lakini mimi nachukua LP. Kwa 45 wimbo unakatwa katikati, sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, ndio iko side B, umeshakaa vizuri na glasi yako unaambiwa inuka ugeuze. Aka.

dada_wa_benga: Hiyo ya mandazi, ioshe kwanza. Maji ya betri, yale safi SIO asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini ufuate mfereji, alafu suuza na maji hayo hayo. Lebo isilowe. Kama 45 ni ya mono, yaani spika zote zinatoa sauti ileile, na amplifaya yako iko na swichi ya mono bonyeza, mikwaruzo mingi itapungua papo hapo. Na ukienda Kenyatta Market kutafuta ingine, omba uchezewe side zote mbili kabla utoe pesa, kung'aa si hoja, sindano mbovu hula mfereji na macho hayaoni.

SebeneEastlands: Asante dada, swichi ya mono iko, sijawahi kujua ni ya nini 😂 Mzee, kuinuka kugeuza ndio utamu wenyewe bana

mzee_kaloleni: Ngoja magoti yafike sitini.