Kujipima madini na metali zenye sumu nyumbani: nani ameshatumia boksi hizi?

Kutoka: Mama wa wawili, Minneapolis

Salaam wapendwa. Nywele zinanitoka mno tangu nijifungue mdogo, ambaye sasa ana mwaka na nusu, na uchovu hauniachi hata siku za mapumziko. Kazini kuna mwenzangu ameagiza boksi la kujipima: unajitoboa kidole, unadondosha damu kwenye kadi, unaituma kwa posta, majibu yanakuja kwenye simu. Linapima magnesiamu, zinki, shaba na seleni, halafu risasi, zebaki, kadimiamu na aseniki. Bei inapita dola mia. Je, linafaa? Na naweza kumpima mtoto kwa boksi hilohilo?

Kutoka: Fundi wa maabara, Baltimore

Dada, pole kwa uchovu. Nafanya kazi maabara ya hospitali na suala hili liko moyoni mwangu, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Tuanze na nywele. Nywele za baada ya uzazi kwa kawaida hurudi kabla mtoto hajamaliza mwaka. Wako amepita hapo, basi kuna haja ya kuangalia. Lakini tazama orodha ya boksi: hakuna chuma. Kipimo cha kwanza kwa mwanamke aliyezaa na anayechoka ni feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Mtu anaweza kuwa na wingi wa damu wa kawaida kabisa huku akiba imekauka. Shirika la Afya Duniani (WHO) huihesabu kuwa imekwisha ikishuka chini ya mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima mwenye afya; ukiwa na maambukizi hupanda ikaficha ukweli, hivyo usipime ukiwa na homa. Kipimo cha pili ni cha tezi ya shingoni, thairoidi. Vyote viwili daktari wako wa kawaida anaagiza, na bima nyingi hulipa. Kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini (aina ya vitamini B), mwambie kabla hujatolewa damu. Biotini huvuruga vipimo kadhaa, vya thairoidi vikiwemo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo hilo mwaka 2017.

Sasa madini yenyewe. Magnesiamu iliyomo kwenye damu haifiki asilimia 1 ya ile yote uliyo nayo, iliyobaki iko kwenye mifupa na misuli, kwa hiyo namba nzuri haikuhakikishii kwamba hupungukiwi. Zinki hushuka ukiugua, na hubadilika ukishakula. Shaba hupanda kwa ujauzito na kwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Seleni nakuomba uiangalie kwa makini: ikizidi, nayo huangusha nywele na kukatisha kucha, na vidonge vingi vya nywele vina seleni ndani. Usiongeze kidonge chochote kabla hujasoma nyuma ya chupa ulizo nazo tayari.

Kwenye metali ndipo watu wanapotoa pesa bure, kwa sababu kila moja ina mahali pake pa kupimiwa. Risasi, damu ndiyo kipimo chake. Inaonyesha hasa yaliyoingia karibuni, kwani nusu ya risasi ya kwenye damu hutoka ndani ya mwezi hivi, ilhali iliyojichimbia mifupani hukaa miaka na miaka na huweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Zebaki ya samaki inaonekana kwenye damu. Zebaki ya krimu za kung'arisha ngozi hupimwa vizuri zaidi kwa mkojo. Aseniki hutoka kwenye damu ndani ya saa chache tu, hivyo nayo ni ya mkojo, tena ukae siku kadhaa bila samaki wala kamba, maana viumbe wa baharini wana aseniki ya aina nyingine isiyo na madhara kama hayo na huipandisha namba. Kadi ya damu ikisema huna aseniki, haijakuambia mengi.

Kuhusu kidole: vumbi la risasi lililo kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, jikaushe kwa karatasi safi, usiguse kitu tena hadi umalize. Hata hivyo, namba ya risasi ya kidole ikitoka juu, lazima irudiwe kwa damu ya mshipa mkononi. Hakuna daktari makini atakayeamua jambo kwa kidole peke yake.

Mtoto usimpime kwa boksi la watu wazima. Akiwa na Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, sheria inataka apimwe risasi akiwa na miezi 12 na tena miezi 24, na hulipi. Uliza kliniki kama cha kwanza kilifanyika. Tangu 2021 CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, hutumia mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu (sehemu ya kumi ya lita) kama kiwango cha kuanza kufuatilia mtoto. Hicho si kiwango cha usalama. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kutoka: Msomaji wa Leicester

Nawaomba sana mwangalie vipimio vya namba. Ndugu yangu aliyeko Ujerumani alipokea majibu ya risasi 31 akalia usiku kucha, kwa sababu alisoma kwamba 3.5 ni nyingi. Kumbe majibu yake yalikuwa kwa lita, na ile 3.5 ni kwa desilita. 31 kwa lita ni 3.1 kwa desilita. Huku Uingereza maabara huandika kwa kipimio kingine, mikromoli kwa lita, na damu hiyohiyo ingesomeka 0.15. Kwa watoto hapa hatua huchukuliwa kuanzia 0.24, ambayo ni sawa na 5 kwa desilita.

Jingine: dada, ulipokuwa mjamzito ulikula udongo? Nauliza bila kukuhukumu, mama zetu wamekula na sisi tumekula. Mamlaka ya chakula huku imekwisha kuwaonya wajawazito juu ya udongo wa kula unaouzwa madukani, kwa kuwa umekutwa na risasi na aseniki. Odowa wa Kenya, pemba, majina ni mengi.

Kutoka: Bibi wa Kizanzibari, Toronto

Assalam aleikum wanangu. Kabla ya kununua boksi, fungueni kabati na kikapu cha vipodozi.

Wanja. Ule wa asili, wa jiwe, jiwe lenyewe ni risasi iliyoungana na salfa. Kwetu mtoto hupakwa wanja akiwa mchanga, kisha hujipangusa macho na kutia vidole mdomoni. Marekani hairuhusu wanja wa namna hiyo kuuzwa kama kipodozi, lakini huja kwenye mabegi ya wageni kutoka Muscat na Unguja. Mimi nimewaambia binti zangu wauache kwa wajukuu, na hilo sikulisema kwa wepesi, maana ni ada ya mama yangu.

Mkorogo. Krimu isiyo na orodha ya viungo, au yenye neno kalomeli (ni zebaki iliyoungana na klorini) au zebaki kwa lugha yoyote, itoeni nyumbani. Msiitupe kwenye taka za kawaida. Ulizeni manispaa wanapokea wapi vitu vyenye sumu. Zebaki hiyo haimdhuru anayejipaka peke yake. Hushika taulo na mashuka, na mtoto anayebebwa huipata.

Bizari. Bangladesh watafiti waligundua kuwa wauzaji walikuwa wakipaka manjano rangi ya risasi ili ing'ae. Mwishoni mwa 2023 Marekani ikapata mkasa wa mdalasini uliotiwa risasi ndani ya vyakula vya watoto. Nunueni manjano mazima mkatwange wenyewe.

Na papa. Najua utamu wake, lakini papa ni katika samaki wanaobeba zebaki nyingi, na mjamzito anaambiwa amwache kabisa. Dagaa hawana neno.

Kutoka: Mkongomani, Louisville

Bandugu, nyongeza ndogo kwa waliokuja kama wakimbizi kutoka Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. CDC inapendekeza kila mtoto mkimbizi asiyezidi miaka 16 apimwe risasi akifika, na walio wadogo warudiwe baada ya miezi 3 hadi 6. Kile cha pili ndicho familia nyingi zinakikosa, kwa sababu zimekwisha kuhama nyumba, na nyumba ya kwanza ya bei ndogo mara nyingi ni ya zamani, ya kabla ya 1978, yenye rangi ya risasi kwenye madirisha. Mtoto anaweza kufika salama kisha apate risasi hapahapa.

Kutoka: Mwana wa Mombasa, Houston

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa risasi ni nini. Owino Uhuru watu waliugua kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa ukutani mwao. Phyllis Omido alipigania kijiji hicho, akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Aliyekulia jirani na mahali kama hapo, tafadhali amwambie daktari. Hilo ni sababu tosha ya kupimwa.

Halafu sufuria. Sufuria nzito za alumini zinazosubiwa kwa vyuma chakavu tunazibeba kwa mapenzi. Idara ya afya ya King County kule Seattle ilipima sufuria za alumini za familia za Kiafghanistani, ikakuta nyingi zinatoa risasi kwenye chakula. Mimi sasa napikia chuma kisichoshika kutu.

Kutoka: Mama wa wawili, Minneapolis

Asanteni sana, nimesoma yote. Bibi, shikamoo. Ndiyo, udongo nilikula mimba nzima, na bado ninao kwenye pochi. Mdogo bado ananyonya. Sasa nifanyeje?

Kutoka: Fundi wa maabara, Baltimore

Asante kwa kusema, dada. Leo acha udongo, lakini usiutupe: uutie kwenye mfuko uende nao. Piga simu kliniki kesho, uwaambie maneno haya: nilikula udongo nikiwa mjamzito, bado ninakula, ninanyonyesha, naomba kipimo cha risasi cha mshipa kwangu na kwa mtoto, na mimi feritini na thairoidi. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na mwili usio na chuma hunyonya risasi zaidi. Ndiyo maana hivyo viwili vipimwe pamoja.

Usiache kunyonyesha kabla ya majibu. CDC inashauri mama aendelee kunyonyesha maadamu risasi kwenye damu yake iko chini ya mikrogramu 40 kwa desilita, na kwa mtoto mdogo kama wako wafuatilie damu yake pia.

Usikubali mtu akuuzie dawa ya kutoa metali mwilini. FDA haijaidhinisha hata moja ya kununuliwa bila cheti cha daktari, na kwa watoto hospitali kwa kawaida huanza kuzifikiria risasi ya kwenye damu ikifika mikrogramu 45 kwa desilita. Kliniki ikikupa dawa ya kuzitoa metali kwanza ndipo ipime mkojo wako, ondoka. Namba itapanda kwa mtu yeyote.

Ukipata majibu, niandikie namba pamoja na vipimio vyake.