Naomba ushauri: pwani ya Ufaransa kwa gari la kulala, pamoja na mbwa

Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tunaishi Uingereza. Septemba tunataka kushuka pwani ya Ufaransa kwa wiki tatu na gari letu dogo la kulala, lenye kitanda na jiko. Calais, Étretat, Saint-Malo, La Rochelle, na tukijaliwa tufike Arcachon tuuone mlima wa mchanga wa Pilat. Mbwa wetu Chui anakuja pia. Nyumbani Tanga wakisikia mbwa kaenda likizo watanicheka mpaka Idi.

Makaratasi nimeshayaelewa: chipu ya utambulisho chini ya ngozi ya mbwa, chanjo ya kichaa cha mbwa siku 21 kabla, cheti cha afya ndani ya siku 10 kabla ya kuingia. Kinachoniumiza kichwa ni dawa ya tegu wakati wa kurudi. Lazima daktari wa wanyama ampe na kuandika kwenye cheti, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia Uingereza. Ukiwahi kosa, ukichelewa kosa! Waliokwenda, miadi mliweka mkiwa bado nyumbani au mlitafuta daktari hukohuko? Kifaransa changu kinaishia "bonjour".

Halafu fukwe. Nasikia nyingi hukataza mbwa kiangazi. Septemba wanalegeza, au niamke naye alfajiri?

Na mkienda sokoni kukiwa na jua, mbwa mnamwacha na nani? Ndani ya gari simwachi.